Ziwa Duluti na watoto watatu: jibu kwa mama wa Dodoma

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi wa saba tunakuja Usa River, Arusha, kwenye harusi ya mdogo wangu, na kabla ya harusi tutakuwa na siku moja huru, Jumatano au Alhamisi. Nina watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13, na nitakuwa na mama mkwe wangu wa miaka 68 mwenye shida ya magoti. Kukodi gari na kuingia hifadhi kubwa, mfuko hauruhusu. Jirani yangu anasema twende Ziwa Duluti. Dereva mmoja wa huko amemwambia mume wangu kwamba lile ni kidimbwi tu, dakika 20 umemaliza. Halafu huyohuyo akasema halina mwisho chini, limeungana na bahari, na anayezama haonekani tena. Watoto wameshafunga nguo za kuogelea. Je, panafaa? Waogelee? Na tutafanya nini pale kutwa nzima?"

Jibu:

Marahaba mama, na hongereni kwa harusi. Panafaa, nendeni. Nimewapeleka wanafunzi Duluti miaka mingi, vijana wanaosomea maji baridi na viumbe wake, na hadi leo kila nikishuka ile njia ya kwenda majini naona kitu ambacho safari iliyopita kilinipita. Ila nataka mwende mkijua mnakwenda kuangalia nini. Ziwa hili ukilifikia hivihivi utapiga picha mbili, utakunywa soda, na kweli zile dakika 20 za dereva zitakuwa zimetimia.

Ni dogo, hilo hakuna ubishi. Lina ukubwa wa kama hekta 60, na ukisimama ukingoni unaiona ng'ambo yote bila kugeuza shingo sana. Kwangu mimi huo udogo ndio uzuri wake. Ziwa Viktoria huwezi kumwonyesha mtoto, utamwonyesha kipande chake tu. Duluti mtoto wa miaka 9 anaweza kulizunguka kwa miguu yake mwenyewe asubuhi moja, akarudi pale alipoanzia, akawa amelijua lote. Sijui maziwa mengi nchini ambayo familia inaweza kuyafanyia hivyo kwa nauli ya daladala.

Sasa tuingie kwenye lile la "halina mwisho", maana ndilo litakalowasumbua watoto usiku.

Duluti ni kreta, yaani tundu la volkeno. Mlima Meru, wenye mita 4,566, haukujengwa na mlipuko mmoja wala kwa kutokea kileleni peke yake. Volkeno kubwa kama hiyo hutoboka pia kwenye ubavu na chini ya miguu yake, kama chungu cha uji kinachochemkia pembeni, na kila kitundu huacha shimo lake. Shimo la Duluti likapokea maji ya mvua na maji ya chini ya ardhi yanayoteremka kutoka mlimani, likajaa. Ndiyo maana kingo zake zimesimama namna ile, na ndiyo maana watu wa zamani waliokaa kando yake waliona ni jambo la ajabu: maji mengi yametulia juu ya nchi kavu, na hakuna mto ulioyaleta.

Hapo pana kazi nzuri kwa watoto. Kabla hamjaanza kutembea waambie hivi: zungukeni ziwa zima, mtafute mto unaoingia na mto unaotoka, atakayeuona wa kwanza nitampa zawadi. Waache wahangaike. Watarudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna hata mmoja. Yule wa miaka 13 akishatulia, muulize swali la pili: kama hakuna mto unaotoka, kwa nini maji haya si ya chumvi?

Swali hilo si la kitoto. Maji ya mvua na ya mlimani huja na chumvichumvi kidogo zilizoyeyuka kutoka kwenye mawe. Jua likiyakausha, maji hupanda hewani peke yake, chumvi inabaki. Ziwa lisilo na pa kutolea huzidi kuwa chungu mwaka hadi mwaka. Tazameni maziwa ya Momella, yako upande wa pili wa Usa River ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha: yana magadi, na flamingo wanayafuata kwa sababu hiyo. Manyara ni vilevile, Natron ndiyo usiseme. Duluti lipo katika nchi hiyohiyo ya volkeno, chini ya jua hilohilo, halina mto wa kutoka, na bado ni maji baridi yenye perege na kambare. Maana yake kuna mahali yanatokea tusipopaona. Yanapenya chini, kwenye mawe na majivu ya volkeno, yakiondoka na chumvi zake polepole.

Kwa hiyo dereva wenu hakukosea lote. Ni kweli ziwa lina njia ya chini kwa chini, ila njia hiyo ni ya maji kujichuja kwenye udongo na mawe. Si shimo la kupitisha mtu, na haiendi kutokea Tanga. Duluti liko mita 1,290 juu ya usawa wa bahari. Lingekuwa limeungana na bahari kwa bomba, lingekuwa limekauka siku nyingi.

Na mwisho lina. Nimesoma hata matangazo ya safari yanayotaja mamia ya mita kwenda chini, nayo yanarudiwa na kurudiwa mpaka yanaonekana kweli. Waliopima wamekuta kina kama cha mita 9 mahali penye kina kirefu kabisa. Mita 9 ni nyumba ya ghorofa mbili na paa lake. Chini ya hapo ni tope, na tope lile lina thamani kubwa kuliko hadithi ya bahari. Kila mwaka vumbi, majani, chavua za maua na magamba ya mwani vinashuka na kutulia chini, tabaka juu ya tabaka, wala hakuna mto wa kuyavuruga. Watafiti walichomeka bomba wakatoa mche wa tope hilo, wakausoma kwa hadubini kama mtu anavyosoma daftari la duka. Walichochapisha mwaka 2013 kinahusu hali ya hewa ya kaskazini mwa Tanzania kuanzia mwaka 1000 hadi 1800: vipindi vya ukame na vipindi vya mvua, vikipokezana karne baada ya karne, wakati hakuna aliyekuwa akiandika kitu juu yake. Mimi nikisimama kwenye ukingo wa Duluti nawaza hilo kila mara. Nina mababu ambao majina yao hatuyajui, lakini mvua zilizowanyeshea zimo mle chini.

Basi kwa nini wanaozama hawaonekani? Kwa sababu za kawaida tu, na zinatosha kutisha. Ukingo wa kreta unashuka ghafla: hatua mbili uko kifuani, ya tatu huna pa kukanyaga. Maji ni ya kijani, mwani umejaa, mtu akienda chini kidogo tu hamumwoni tena. Na sakafu ni tope laini.

Hapo nimeshajibu nusu ya swali la kuogelea. Mama, watoto wasiingie. Nguo zile zifungueni, au watafutieni bwawa la hoteli lenye dawa siku nyingine. Zaidi ya ukingo, kuna kichocho. Ziwa lolote la maji baridi yaliyotulia, lenye majani pembeni na watu wanaofika majini, nalihesabu kuwa na konokono wanaobeba kichocho, wala sisubiri kuonyeshwa. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vingi zaidi jua likiwa kali, saa zilezile ambazo watoto wanatamani maji, na vinahitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Mtoto hahisi kitu, pengine mwasho kidogo jioni. Wiki kadhaa baadaye ndipo homa, kikohozi au tumbo, na mzazi hakumbuki tena lile ziwa. Ikitokea mmoja ameteleza akaingia, mtoeni, mfuteni kwa taulo hapohapo mpaka awe mkavu kabisa, msimwache akaukie juani. Mkishatimiza kama miezi miwili, mpelekeni hospitali apimwe choo na mkojo, mkimweleza daktari kwamba aligusa maji ya ziwa. Dawa ipo, prazikwanteli, na inatibu.

Kuna na mwani wenyewe. Siku nyingine utaona ukanda wa kijani kibichi umekusanyika upande upepo unakoelekea, mzito kama rangi ya kupaka iliyomwagika. Aina fulani za viumbe hao hutoa sumu. Mkiuona, hata mkono usiingie, na kama kuna mtu amekuja na mbwa amzuie asinywe.

Wala nyinyi msinywe. Watu wa Dodoma mnaweza kushangaa kwa nini wenyeji wengi wa huku Arumeru, chini ya Mlima Meru, wana meno ya rangi ya kahawia. Ni floridi, inatoka kwenye mawe ya Meru na kuingia kwenye maji. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Ngurdoto, jirani kabisa na Usa River, kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuipunguza. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, floridi inabaki palepale. Wageni wa siku moja haitawadhuru, ila bebeni maji yenu ya kutosha na muwaeleze watoto sababu, wasije wakawacheka wenzao meno.

Mtumbwi upo, na huo nawaruhusu. Kuliona ziwa kutoka katikati ni kitu kingine kabisa: msitu unawazunguka pande zote kama ukuta wa ua, kelele za barabara kuu zinakatika, unasikia kasia tu. Lakini maboya ya kuvaa ni lazima, kila mtu na lake, yamefungwa kamba mpaka mwisho. Miaka ya nyuma nilipanda na wanafunzi wanne, mwenye mtumbwi akaleta maboya matatu, akaniambia hapa hapana shida mwalimu, maji yametulia. Nami nikakubali, kwa sababu kweli yalikuwa yametulia. Tulipofika katikati upepo wa mchana ukaanza, mtumbwi ukawa unapigwa ubavu, na binti mmoja aliyekuwa hana boya akashika ukingo kwa mikono miwili, hasemi neno, macho yamemtoka. Tulirudi salama. Lakini ule uso sijausahau, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekuwa mkubwa wao. Siku hizi nahesabu maboya kwanza, ndipo nahesabu watu. Kwa mtoto wenu wa miaka 6 ulizeni kama wana boya la saizi yake. La mtu mzima litamvuka kichwani akitumbukia. Kama hakuna, abaki na bibi. Na pandeni asubuhi, kabla upepo haujaamka.

Sasa kuzunguka. Njia inapita ndani ya msitu, karibu na maji, na mzunguko wote ni kama kilomita 3. Mtu mwenye haraka anaumaliza ndani ya saa moja. Nyinyi uwekeeni saa mbili na nusu, na mchukue muongoza wageni pale langoni. Msitu huu ni wa hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ni ukanda mwembamba tu, nyuma yake ni mashamba ya kahawa, migomba na nyumba za watu, na ndio huo ukanda unaozuia udongo na mbolea kuteremka moja kwa moja majini. Ukiona jinsi ulivyo mwembamba unaelewa kwa nini askari wa misitu wanakuwa wakali mtu akishika panga.

Mkifika kwenye mkuyu wa kwanza mkubwa, simameni. Okoteni kuyu lililoanguka, bichi kidogo, mlipasue kwa ukucha katikati. Ndani mtaona kitu kama mswaki, vinyweleo vingi vimeelekea katikati: hayo ni maua. Mkuyu unachanua ndani ya tunda, na nje hauonyeshi kitu. Mkiangalia vizuri mtaona na viumbe vyeusi vidogo kuliko punje ya ulezi, vina mabawa, vinatambaa mkononi. Ni nyigu wa mkuyu. Jike anaingia kwa kitundu kidogo kilichopo kwenye kitako cha tunda, akijisukuma mpaka mabawa yake yanang'oka, anataga na kupaka maua chavua aliyokuja nayo, anafia humohumo. Wanawe wanazaliwa ndani, majike wanajipaka chavua, wanatoka kutafuta mkuyu mwingine. Bila huyo mdudu mkuyu hauzai mbegu, na bila mkuyu hana pa kuzaliwa. Nimemwonyesha jambo hilo mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekulia chini ya mkuyu, akakaa chini kabisa. Mtoto wa miaka 9 mkononi mwake ataliona vizuri kuliko wewe na mimi.

Juu ya mikuyu hiyo ndiko waliko hondohondo, ndege wakubwa wenye midomo mikubwa. Mtawasikia kabla ya kuwaona. Akiruka, mabawa yake yanatoa mvumo mzito, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepepea moto kwa ungo, na sauti yake ni ya mbuzi aliyekabwa. Kima nao wapo, na tumbili. Msiwape chakula, hata ganda la ndizi. Tumbili aliyezoea kulishwa kesho humnyang'anya mtoto mkate mkononi, na kucha zake si mchezo.

Pembeni kwenye matete na mafunjo tembeeni kimya. Hapo pana ndege mdogo, mdiria, bluu na rangi ya chungwa, hafiki urefu wa shibiri. Anakaa kwenye tete moja lililoinamia maji, hajitikisi. Akidumbukia ni kama jiwe dogo limetupwa. Akirudi ana kidagaa kimelala mdomoni, anakipiga kwenye tete kulia, kushoto, kulia, mpaka kinyooke, ndipo anakigeuza kichwa kimtangulie kooni ili mapezi yasimkwame. Mkimpata, kaeni naye. Mnandi mweusi atakuwa kwenye gogo, amekunjua mabawa anayakausha. Na juu kabisa, kwenye mti mkavu, kuna tai mla samaki, kichwa cheupe. Akilia, ziwa zima linamsikia. Kenge naye huwa anajianika kwenye mizizi, mrefu kuliko mtoto wenu wa kwanza. Hana haja na mtu. Akisikia hatua anajitupa majini kwa kishindo, nanyi mtaruka wote, kisha mtacheka.

Penye maji mafupi na mangavu, tafuteni vishimo vya mviringo kwenye sakafu, kama mtu amegandamiza sahani kwenye mchanga. Dume la perege ndilo linalochimba kile kiota na kukilinda. Jike akishataga anayachukua mayai kinywani, anakaa nayo humo na wanawe wakianguliwa, hali chakula. Wakitishwa wanarudi mdomoni kwa mama. Hilo mwambieni yule wa miaka 6, atalihadithia Dodoma nzima.

Mama mkwe asizunguke. Njia ina mizizi na miteremko, na magoti yake yanatakiwa harusini. Mteremsheni taratibu mpaka eneo la kupumzikia lililo karibu na maji, mpeni kiti cha kukunja kama mnacho, kanga mbili na chupa ya chai. Wala msimwonee huruma. Ndege wakishamzoea mtu aliyetulia mahali pamoja wanamjia wenyewe, na nimeshuhudia zaidi ya mara moja watembeaji wanarudi wakijisifu, wanamkuta aliyebaki ameona kila walichoona na zaidi.

Mwezi wa saba nao una mambo yake, nisiwafiche. Ni baridi. Arumeru Julai si Dodoma, asubuhi ukungu umelala juu ya maji na watoto watahitaji sweta, si kaptura. Wingu linaweza kukaa kutwa, na Mlima Meru, ambao siku njema unasimama nyuma ya ziwa wote mzima, msiupate hata unyayo wake. Ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hawapo pia, hao huja baadaye, mwaka ukielekea mwisho. Faida yake ni kwamba njia imekauka baada ya masika, na siafu wamepungua. Hata hivyo suruali ndefu na soksi juu, mkikuta mstari mweusi njiani rukeni, msisimame kuushangaa.

Na kuna jambo moja la baridi ambalo wenyeji wa maziwa ya kreta wanalijua. Wakati wa joto maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, yanakaa juu ya maji baridi ya chini bila kuchanganyika, na kule chini hewa ya oksijeni inakwisha. Miezi ya baridi maji ya juu yanapoa, yanazama, ziwa linajigeuza. Maji yale mazito ya chini yakipanda kwa ghafla yanaweza kuleta harufu, na samaki wakaonekana wanahema juujuu au wamekufa pembeni. Mkikuta hivyo msidhani mtu ametia sumu, na msiokote samaki hao. Mwiteni muongoza wageni muulize wameanza lini.

Ada inalipwa langoni, Mtanzania ana bei yake iliyo nafuu, na malipo ya serikali siku hizi ni kwa namba ya malipo kwenye simu, kwa hiyo hakikisheni salio lipo kabla ya kushuka. Mkitokea Usa River pandeni daladala za kuelekea Arusha mjini, mshuke Tengeru. Kutoka barabara kuu hadi ziwani ni karibu, wenye miguu watembee, bibi apande bodaboda au bajaji. Saa mbili asubuhi muwe mmeshafika.

Chakula bebeni, na mkibebe kwenye vyombo vya kurudi navyo nyumbani. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa za maji na vifuniko vyake bado naviokota Duluti kila safari, na kila nikiokota moyo unauma. Mto ukichafuliwa, mvua ikija inausafisha, japo inampelekea jirani. Hili ziwa halina pa kupeleka. Kifuniko atakachoangusha mtoto wenu kitakuwa humo wakati yeye mwenyewe ana wajukuu, kimelala kwenye tope la mwaka huu. Sabuni vilevile: vyombo msioshe pale.

Siku, chagueni Jumatano. Jumatano na Jumamosi ndiyo gulio la Tengeru, na mkiwa mmetoka ziwani saa sita na njaa, ndipo mahali pa kwenda. Wamama wa Kimeru wanateremsha ndizi za kila namna, maharage, parachichi, maziwa mgando. Ulizeni loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kupondwa na maziwa mgando, mama mkwe ataipenda maana haihitaji meno. Washikeni watoto mikono, watu ni wengi.

Kama nguvu bado zipo, kuna sehemu moja zaidi, na hii ni kwa ajili ya yule wa miaka 13. Ulizeni makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu maelfu kwa maelfu ya raia wa Polandi kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa mwaka 1941 walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 wengine waliletwa kwa meli Afrika Mashariki. Tengeru ikawa kambi yao kubwa, kama watu 5,000 hivi, wengi wao akina mama na watoto, katika vibanda vya mviringo vya nyasi karibu na hili ziwa. Wakajenga shule, kanisa, hospitali, wakalima. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Waliofia hapa, kama 150, wamelala Tengeru hadi leo, makaburi yametunzwa, majina yanasomeka. Mtafuteni mlinzi awafungulie. Mwacheni kijana asome tarehe mwenyewe, ahesabu wangapi walikuwa na umri wake walipofika.

Daladala za kurudi Usa River zinasimama upande wa pili wa barabara kuu, ule wa mlimani. Vukeni kwa uangalifu, malori ya Moshi hayapunguzi mwendo pale.